Wasiomo katika Orodha ya Sita: Jiko la Sherehe ya Wanewar kama Tatizo la Uhakiki

Mwanafunzi yeyote aliyepitia kozi ya fasihi simulizi anaweza kuyataja mambo sita ya M. M. Mulokozi hata akiamshwa usiku wa manane: fanani, fani, hadhira, tukio, mahali na wakati. Aliyesoma sanaa za maonyesho ataongeza manne ya Penina Muhando na Ndyanao Balisidya katika kitabu chao cha mwaka 1976: dhana inayotendeka, mtendaji, uwanja wa kutendea na watazamaji. Orodha hizi zimetufaa sana. Zilitutoa katika mazoea ya kuichukua ngano au wimbo kama maandishi matupu, zikatufundisha kuutazama utendaji wenyewe. Sina nia ya kuzibeza. Ninataka kuuliza swali moja tu, ambalo lilinikaa kichwani tangu saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni nikiwa nimeinamia beseni la tangawizi: mimi hapa, katika orodha hii, ni nani?

Beseni lenyewe lilikuwa katika jiko la ukumbi wa kukodi kusini mwa Uingereza, Novemba 2024. Dada yangu ni muuguzi huko, na mwenzake wa zamu ni Mnewar. Jumuiya yao ilikuwa ikitafuta watu wa kujitolea kwa ajili ya sherehe ya mwaka mpya, nami nilikuwa mgeni nyumbani kwa dada, sina kazi. Nikaenda.

Kwa wasiowafahamu: Wanewar ni wenyeji wa kale wa bonde la Kathmandu nchini Nepal. Ndio waliojenga miji mitatu mikongwe ya bonde hilo, Kathmandu, Lalitpur na Bhaktapur, ambayo wenyewe huiita Yen, Yala na Khwopa. Lugha yao, Nepal Bhasa, iko katika ukoo wa lugha za Kitibeti na Kiburma, kwa hiyo haina undugu na Kinepali, ambacho asili yake ni moja na ya Kihindi. Wana kalenda yao pia, Nepal Sambat, iliyoanza kuhesabiwa mwaka 879, na mwaka uliokuwa ukikaribishwa ulikuwa wa 1145. Siku ya mwaka mpya hufanyika Mha Puja, ibada ya mtu kuuheshimu mwili wake na nafsi yake. Familia huketi sakafuni kwa mstari, mbele ya kila mmoja pamechorwa mandala, na mwanamke mkubwa wa nyumba humpa kila mtu baraka iitwayo sagun: yai, samaki, nyama, kitumbua cha dengu na kinywaji kikali. Ibada hii ni ya nyumbani, tena ya jioni. Kule ukumbini, siku chache baadaye, ilikuwa ikionyeshwa tu jukwaani, kama tunavyoonyesha mahari ya mchezo katika tamasha la shule.

Nikianza na jukwaa, nitalimaliza upesi. Kulikuwa na hotuba nne. Kulikuwa na watoto waliocheza kwa nyimbo za kurekodiwa, wengine wakimtazama mwalimu wao pembeni kila baada ya hatua mbili. Kulikuwa na Lakhe, zimwi la barakoa jekundu lenye nywele ndefu, lililowafanya watoto wadogo walie na wazazi wao wacheke. Na kulikuwa na kundi la wasichana na mama zao waliovaa haku patasi, sari nyeusi yenye pindo jekundu, wakipiga dhimay. Hiyo ni ngoma kubwa ya Wajyapu, yaani wakulima wa Kinewar, ambayo zamani ilikuwa ya wanaume na ambayo wanawake wameanza kuipiga katika miongo ya karibuni. Hapo palikuwa na utendaji wa kweli. Ngoma ilitikisa vikombe rafuni. Lakini hata hayo nayajua kwa kuyasikia zaidi kuliko kuyaona, kwa sababu kati ya jiko na ukumbi palikuwa na ukuta, na katika ukuta palikuwa na dirisha la kupitishia chakula, lenye kifuniko cha chuma. Mratibu alikuwa akilifunga kila hotuba inapoanza ili kelele za masufuria zisisikike.

Upande huu wa dirisha tulikuwa kumi na mmoja, wanawake tisa na wanaume wawili. Mkubwa wetu alikuwa mama wa miaka sabini na kitu ambaye wote walimwita Aji, yaani Bibi. Wanawake wa makamo waliitana tata, dada mkubwa, jambo lililonichekesha kimoyomoyo kwa kuwa kwetu Buganda taata ni baba. Kazi yetu ilikuwa kuandaa samay baji kwa watu mia mbili na zaidi. Samay baji ni sahani ya vitu vingi vidogovidogo, na kila kimoja kina namna yake: mchele uliobanjwa (watu wa pwani wangeuita pepeta), soya nyeusi za kukaanga, tangawizi iliyokatwa njiti, kitunguu saumu, samaki wadogo wakavu, mayai, viazi vya viungo, wo ambazo ni chapati nene za dengu nyeusi, na chhwela, nyama iliyobanikwa kisha ikachanganywa na viungo na mafuta ya moto. Kwao chhwela ni ya nyati wa kufugwa. Siku hiyo ilikuwa ya kuku. Aila, ambayo ni ndugu wa waragi wetu, haikuwapo ile ya nyumbani, maana Uingereza huwezi kukeneka pombe kali bila leseni. Walitumia ya dukani, Aji akainusa na kuirudisha mezani bila neno.

Nilichogundua katika saa ya pili au ya tatu ni kwamba jikoni palikuwa na darasa, japo hapakuwa na mtu aliyeliita hivyo. Msichana mmoja wa chuo, aliyezaliwa Uingereza, aliwekwa kukaanga wo. Aji hakumpa kipimo. Alimshika kifundo cha mkono na kumzungusha ule mwendo wa kupaka unga wa dengu kikaangoni kutoka katikati kwenda nje, mara tatu, kisha akamwachia. Wo ya kwanza ikapasuka, ya nne ikakaa. Wakati huohuo wanawake wawili walikuwa wakibishana kama soya hukaangwa kabla au baada ya kuchagua mawe, na katika ubishi huo zikatokea hadithi za shangazi fulani wa Lalitpur, mithali ambayo walishindwa kunitafsiria kwa kicheko, na kipande cha wimbo wa msimu wa kupandikiza mpunga ulioimbwa na watu watatu, mmoja akiwa amesahau ubeti na mwingine akimkumbusha. Ukinitaka nikuonyeshe fasihi simulizi ya Wanewar niliyokutana nayo siku ile, fani ikiwa hai, fanani wakipokezana, hadhira ikiingilia kati, sitakupeleka jukwaani. Nitakupeleka kwenye sinki.

Na haya yote yalikuwa kwa Nepal Bhasa. Jukwaani, mshereheshaji alitumia Kinepali na Kiingereza. Salamu ya mwaka mpya, Nhu Daya Bhintuna, aliitoa kwa lugha yenyewe, kisha akairejea kila baada ya dakika kumi, na nyuma yake palikuwa na bango lililohimiza kuilinda lugha ya mama. Simlaumu. Wasikilizaji wake walikuwa mchanganyiko, wengine si Wanewar, na vijana wengi hawaelewi. Hata hivyo mhakiki hana budi kuona kinachotendeka: lugha ilitangazwa upande mmoja wa ukuta, ikazungumzwa upande wa pili.

Jambo hili lina uzito kwa watu wenye historia kama yao. Prithvi Narayan Shah aliiteka miji ya bonde lile kati ya 1768 na 1769, na tangu hapo lugha ya dola ikawa nyingine. Chini ya utawala wa Marana kuandika kwa Nepal Bhasa kuliweza kumtia mtu gerezani. Mshairi Chittadhar Hridaya alifungwa mwaka 1941, na humo gerezani akatunga utenzi wake mkubwa juu ya maisha ya Buddha. Mwaka 1965 vipindi vya lugha hiyo viliondolewa Radio Nepal. Manispaa ya Kathmandu ilipoamua kuitumia ofisini pamoja na Kinepali, Mahakama ya Juu ilitamka mwaka 1999 kuwa jambo hilo ni kinyume cha katiba. Hata Nepal Sambat ilisubiri hadi 2008 ndipo serikali ikaitambua kuwa kalenda ya taifa. Basi lugha ya namna hii, iliyofukuzwa radioni na ofisini, ilikuwa imehifadhiwa wapi miaka yote hiyo? Vitabu vilifanya sehemu yake. Sehemu nyingine, nadhani, ilifanywa na watu kama Aji, mikono ikiwa na unga.

(Wenzangu wa Uganda watanisamehe nikitia mfano wa nyumbani. Tunapoadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai, mambo hugeuka: Kiswahili kiko kwenye kipaza sauti, na nyuma kwenye masufuria kuna Kiganda, Kinyankole na Kiacholi. Katiba yetu imekitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005, lakini siku nitakapowasikia wapishi wa sherehe ile wakigombana kwa Kiswahili juu ya chumvi ndipo nitaamini kwamba kimefika.)

Sasa turudi kwenye orodha. Je, watu wa jikoni ni hadhira? Hadhira ni mtu anayeshuhudia, na hawa hawakushuhudia. Aji hakuiona dhimay. Ni fanani? Kwa maana ya darasani, hapana, maana hawakuwa wakitenda mbele ya mtu aliyekuja kuwatazama. Mhadhiri wangu mmoja, nilipomweleza hoja hii, alijibu kwamba wamo katika "tukio". Nimelifikiria jibu lake kwa heshima zote na bado halinitoshi. Tukio hutueleza ni kwa sababu gani watu wamekusanyika, kama ni arusi, matanga au mwaka mpya. Halitwambii ni nani aliyelitengeneza. Kumtia mpishi ndani ya tukio ni kama kumtia seremala ndani ya kiti: ni kweli kazi yake imo, ila yeye mwenyewe hatumwoni tena. Na kosa la Muhando na Balisidya, kama ni kosa, ni lilelile. Uwanja wa kutendea unaonekana kwao kama mahali palipo tayari. Siku ile uwanja ulifagiliwa saa moja na nusu asubuhi, na mandala iliyoelezwa kwa kipaza sauti saa tisa alasiri ilichorwa na Aji kabla mgeni hata mmoja hajaingia. Aliyeieleza hakusema ni mkono wa nani.

Lakini hapa lazima niwe mwangalifu, nisije nikatoa picha kwamba "nyuma ya pazia" ni mahali palipokuwapo daima katika utamaduni huu. Ushahidi unaonyesha kinyume. Huko Lalitpur kila mwaka huvutwa gari refu la mbao la mungu wa mvua, Rato Machhindranath, linalopanda juu kuliko nyumba za ghorofa. Gari hilo hujengwa upya barabarani, hadharani, mahali paitwapo Pulchowk. Kazi ya mbao ni ya Wabarahi, kazi ya kufunga kwa mianzi na mitambaazi ni ya Wayanwal, na majina hayo ni majina ya watu kwa kazi yao. Mpita njia huwatazama wakining'inia. Hapo ujenzi ni sehemu ya sherehe na mjenzi anajulikana. Ndivyo ilivyo pia kwa karamu ya Kinewar, bhwe. Wageni huketi kwa mistari juu ya mikeka mirefu ya nyasi, sahani ni majani yaliyoshonwa pamoja, na wagawaji hupita mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na chakula chake kwa mpangilio usiovunjwa. Mwanamke anayemimina aila kutoka birika la shaba lenye mdomo mwembamba huinua mkono juu kabisa, na utepe wa kinywaji hushuka hadi kikombe kidogo cha udongo bila kumwaga tone. Huyo ni mtendaji, ana uwanja, ana watazamaji. Muhando na Balisidya wangemtambua mara moja.

Kwa hiyo ukuta ulijengwa na ukumbi. Kanuni za afya zilitaka jiko lifungwe, mpango wa chakula ukawa wa kujipakulia kwenye sahani za karatasi, na mgawaji aliyekuwa akitembea mbele za watu akageuka mkono unaosukuma trei dirishani. Ninasisitiza hili kwa sababu wahakiki wetu wa fasihi simulizi hupenda kulalamika kwamba utandawazi "unaua mila". Hapa mila haikufa. Chakula kilikuwa kizuri na kilitosha. Kilichobadilika ni nani anaonekana.

Badiliko jingine liko katika neno lenyewe, kujitolea. Nyumbani kwao kazi ya namna hii hubebwa na guthi. Guthi ni chama cha ukoo, mtaa au kazi fulani, chenye wajibu maalumu: kuzika, kutunza hekalu, kupiga ngoma ya mungu fulani, kulisha watu siku fulani. Gharama zilitoka kwenye ardhi iliyotengwa kwa ajili hiyo, jambo ambalo msomaji wa Kiswahili atalielewa nikisema wakfu. Na kazi hufanywa kwa zamu, wanayoiita pala. Zamu ikifika nyumba yako, umefika. Huulizwi kama una nafasi. Mwaka 2019 serikali ya Nepal ilipopeleka bungeni muswada uliogusa mali na uendeshaji wa guthi, watu walijaa mitaa ya Kathmandu hadi muswada ukaondolewa. Hawakuwa wakitetea burudani. Kwetu Buganda tunavyo vikundi vya munno mukabi, vyenye masufuria na mahema yao kwa ajili ya misiba na arusi, na asiyekuja kuosha sahani kwa mwenzake anajua atakachokiona msiba ukimfika.

Mtu anayejitolea anaweza kukataa. Huo ni uhuru, sina shaka, ila matokeo yake niliyaona: wanaoshindwa kukataa ni walewale kila mwaka. Katika wale tisa, saba walikuwa wamelipika jiko lilelile mwaka uliotangulia. Kamati ilikuwa na wanaume wengi, na wengi wao walikuwa ukumbini.

Hata hivyo sitaki kuipamba guthi. Zamu ilikuwa na bei yake. Aliyeikosa alitozwa faini, na aliyefukuzwa alibaki bila wa kumbeba akifa. Guthi nyingi hazikuwapa wanawake uanachama. Na nyuma ya wajibu kulikuwa na matabaka ya kuzaliwa, ambayo sheria ya nchi ya mwaka 1854 iliyaandika wazi, hadi sheria mpya ya 1963 ilipoyaondoa katika maandishi. Katika utaratibu ule, nani agusaye wali uliopikwa halikuwa swali dogo. Mimi Mganda nisingekaribia chungu. Niliweza kumenya tangawizi yao kwa sababu neno lilikuwa "kujitolea" na si pala. Anayelilia zamani na aikumbuke hiyo.

Je, tuongeze jambo la saba katika orodha, tumwite "mtayarishaji", tuendelee? Nisingependa. Orodha itarefuka na wanafunzi watakariri saba badala ya sita. Naona faida zaidi kulibadilisha swali la kwanza tunalouliza tunapoenda nyanjani na kinasa sauti. Kwa kawaida tunauliza: nani anatenda, na nani anatazama? Tuulize pia: nani hawezi kutazama, ili hawa wengine watazame? Swali hilo lingetufanya tuingie jikoni katika sherehe za kwanjula, ambako wanawake humenya matooke usiku kucha, wakiimba, na ambako nimesoma tasnifu zisizopungua tatu zinazoishia kwenye hema la wageni na wasemaji wake. Lingetufanya pia tupime upya baadhi ya hukumu zetu. Kwa kipimo cha kawaida, sherehe niliyoihudumia ilikuwa na utendaji wa wastani, lugha dhaifu na ushiriki mdogo wa vijana. Kwa kipimo kilichovuka dirisha, ilikuwa na lugha imara, wimbo uliokumbukwa kwa ushirikiano, na msichana aliyejifunza kukaanga wo kwa kushikwa mkono. Hukumu hizi mbili hazipatani, na zote zinahusu siku moja, ukumbi mmoja.

Katika shukrani za mwisho, wafadhili walitajwa mmoja mmoja, duka la vyakula, kampuni ya kutuma pesa, wakala wa nyumba. Sisi tulitajwa kwa maneno mawili, "wote waliojitolea", na dirisha likafunguliwa ili tupigiwe makofi. Aji alikuwa amekwenda kutupa taka.

Tulipokuwa tunakausha sakafu, mmoja wa wale tata alichukua boksi la mayai, akalipasua, akaandika upande wa ndani majina ya familia za jumuiya, mbili mbili kwa kila mwaka, akianza na ya mwenyekiti. Alilibandika mlangoni kwa gundi ya karatasi. Mratibu alilisoma akatabasamu, akasema kwa upole kwamba huku watu wanafanya kazi za zamu hospitalini na kwenye maghala, huwezi kumpangia mtu.

"Hata mimi nafanya zamu," alijibu tata. "Kesho naingia saa moja asubuhi."

Boksi lilikuwa bado mlangoni tulipozima taa.